Makelele

Wamekizika kipima-tetemeko nyuma ya zizi langu,
Kiamunyi, chini ya Menengai,
ndani ya pipa la plastiki. Paneli ya sola iko juu,
kuku wanailalia.
Kila mwezi Kimosop huja na kompyuta.
Bonde linapanuka, husema,
kwa mwaka, pungufu ya punje ya hindi.
Nikamwuliza: na hati ya shamba
itaongezewa?

Akanionyesha mistari.
Huu ni mashine ya kusagia ya Waceke, saa mbili kamili.
Huu ni ng'ombe wako akijikuna kwenye nguzo.
Haya yote ni makelele; tunayachuja
ili tusikie mawe yaliyoyeyuka
yakisogea kule chini.

Nikasema: nitafutie ile Jumanne ya Machi,
saa tisa usiku.

Akatafuta. Mstari umenyooka, umenyooka, umenyooka,
kisha kinundu kimoja,
kidogo kama fundo la uzi.
"Kuna kitu kizito kilianguka," akasema,
"karibu na mlango."

Sikumtajia jina.
Nilimwongezea chai,
nikamwuliza kama hicho nacho
huchujwa.