Dibaji

Tulikubaliana: nakala sita, godoro moja.
Hadithi kumi na nne, zote za uongo mtupu,
tukazipeleka kwa Kilonzi, mpiga chapa wa Kirinyaga Road,
naye akatuonyesha ukutani alama ya matope
iliyomfika kiunoni,
akapunguza bei kabla hatujaomba.

Kerubo aliandika mto unaoomba radhi,
unaorudisha sufuria za watu mlango kwa mlango.
Nikamwambia, mto hauna adabu hiyo.
Akanijibu, ndiyo maana nimeuandika.

Yangu mimi ilihusu harusi. Hata tone la mvua hamna.
Niliona haya kuisahihisha
na huko Mathare watu wanaanika madaftari juu ya mabati.

Jumamosi tulifikisha magodoro arobaini na moja.
Mama Achola akapokea lake, akalibonyeza kwa kiganja,
kisha akaomba na kitabu.

Makaa yake yalikuwa bado yamelowa.
Akachana kurasa za mwanzo, dibaji yangu nzima,
niliyoiandika wiki mbili,
akawasha jiko.

"Hizo nyingine," akasema akipuliza,
"nitazisoma uji ukitokota."