Tano Iliyofutwa

Treni imechelewa saa nne. Nafungua kibanda
nyuma ya stesheni ya Tabora, pembeni ya wauza karanga,
napanga vifurushi vya duka la mtandaoni kwa majina:
Ka, Ma, Nya.
Kila kimoja kina kibandiko cha kijani.
Mwezi jana kilisema: *Mia tano ya mzigo huu ni dawati.*
Leo wamepitisha wino mweusi juu ya "tano".
Imebaki mia.
Hata kuchapa vipya wameona ni gharama.

Getruda, muuguzi, ndiye wa kwanza.
Aliagiza viatu vya zamu, namba thelathini na tisa.
Anasoma. Anakwangua wino kwa ukucha,
kama anayetaka kuona kidonda chini ya bendeji.
"Warudishie. Sivitaki."
Miezi minane anachukua mizigo kwangu,
sijamwona hata siku moja akisoma kibandiko.

Kapalata, fundi baiskeli, anauliza
kama bei ya cheni imeshuka.
Haijashuka.
"Sasa mia nne yangu imekwenda wapi?"
*Yangu*, kasema, na neno limetoka laini,
halikukwaruza koo.
Mwezi jana ilikuwa ya watoto.

Bi Swaumu hakasiriki. Anacheka
cheko la mtu aliyezika waume wawili.
"Mwanangu, mkono ukizoea kutoa,
siku ukipunguza wanakuhesabia vidole.
Uliofumbwa, nani aliwahi kuuhesabu?"
Anakunja kitenge chake, anaweka kwapani,
anauliza kama hilo duka lina pasi za mkaa.

Ng'ambo ya barabara Shamte anauza.
Mwaka wa kumi na tisa anauza,
hajampa mtoto wa mtu hata kalamu ya risasi,
na hakuna aliyewahi kumuuliza.
Leo foleni yake imemwagika hadi kwenye mtaro.
Getruda yumo. Ametoka na viatu,
elfu tatu zaidi, havina kibandiko.

Saa saba simu inalia. Kijana wa makao makuu,
sauti imepigwa pasi:
"Wateja wamepokeaje? Nipe kwa kifupi."
Kwa kifupi: sita wamerudisha, wawili wametukana,
mmoja amecheka.
Anataka kujua aliyecheka alicheka vipi.
Nikasema mtandao unakatika.

Sikumwambia habari za Mhoja.
Mhoja ananiletea maji, madumu manne kila alfajiri,
na nilikuwa nampa kikombe cha uji, kimejaa.
Sukari ilipopanda nikampa nusu.
Hakusema neno. Alikunywa, akafuta mdomo,
na tangu kesho yake madumu anayaacha nje ya mlango,
salamu anaitoa akiwa ameshageuka.
Kwa jirani yangu, ambaye hajampa
hata tone la maji aliyoyabeba mwenyewe,
anaingia hadi jikoni, wanataniana kwa Kinyamwezi,
nasikia vicheko vikipita ukutani.

Mwalimu Kashindye amefika jua likielekea kuchwa,
vumbi la njia ya Itetemia hadi kwenye nyusi.
Madawati ni ya shule yake.
Alikuja kuchukua betri ya redio.
Akakitazama kibandiko kwa muda,
midomo ikicheza kama ya mtoto anayejumlisha.
"Mia na mia na mia ni dawati vilevile," akasema,
"ila darasa la saba watakuwa wameshamaliza."
Akasaini. Hakurudisha.
Hakushukuru pia.

Nafunga. Vya kurudi navirundika kwenye gunia,
vinasubiri treni ya Ijumaa.
Viatu vya Getruda vimebaki juu kabisa,
boksi limeshafunguliwa.
Thelathini na tisa. Namba yangu.
Nikachungulia nje, hakuna mtu,
nikavijaribu.

Vinabana kidogo kwenye kidole gumba.