Alimpiga

Kituo cha polisi Hull, saa nane usiku.
Mimi mkalimani, nalipwa kwa saa,
koti bado linachuruzika maji ya mvua.

"Alimpiga kwa pasi."
Neno moja tu, alimpiga,
na wawili wamo ndani yake wamebanana:
A imetangulia, M imefuata,
hajulikani mwenye ndevu wala mwenye kitenge.
Kiingereza hakina subira hiyo. Chataka kwanza
mume nani, mke nani,
ndipo kipigo kiendelee.

Sijafungua kinywa, sajenti ameshaandika.
Mpigaji: mume.

Byamungu akakunja mkono wa shati.
Ngozi imeiva pembetatu, ncha imeelekea kiwiko.
"Mwambie ni mimi niliyepigwa."
Nikamwambia.
Sajenti akapima kwa macho urefu wake,
mabega ya kubeba nyama machinjioni,
akatabasamu, kama mtu aliyeteguliwa kitendawili.
Kalamu ikalala.

Mwezi uliopita, kwenye kiti hicho hicho, alikaa Nzigire.
Huyo hakuna aliyemcheka.
Walimwuliza tu
mbona halii.
Nami nikatafsiri, neno kwa neno, mbona hulii,
na hadi leo ulimi wangu unawasha.

Alfajiri nikatia saini. Muda: saa tatu, dakika kumi.
Nje Byamungu aliniomba kiberiti,
akashindwa kukiwasha kwa mkono ule,
nikamwashia.
"Mwanamume hafi kwa pasi," akasema,
akacheka peke yake.

Basi lilipovuka daraja ndipo nikakumbuka:
sikumwuliza atalala wapi.