Nambari ya Injini

Wote waliniambia: Bi Zayana, tia tu.
Nani atafunua boneti yako hapa Ibra?
Shemeji Mahfudh, kwenye kikombe cha tatu cha kahawa:
"Serikali ina macho, lakini haina tochi."

Mimi nimezalisha miaka thelathini na mmoja.
Sijamkabidhi mama mtoto asiye na karatasi,
hata yule aliyezaliwa nyuma ya pikapu
njia ya Wadi Tayin, mafuriko yamekata barabara:
nilimwandikia saa na uzito wa kukisia
kwa wanja, juu ya boksi la glavu,
mpaka tulipofika penye kalamu.

Gari lenyewe nililinunua kwa kiinua mgongo.
Jeupe, la petroli, silinda sita.
Kila nikipanda shambani na mapipa ya maji
mshale wa tangi hushuka
kama mgeni aliyesikia wali umekwisha.

Sanaiya, fundi Dur Muhammad
akanionyesha injini ya dizeli juu ya tairi bovu,
imeviringishwa nailoni, imetoka nchi ya mvua.
Nikachutama. Nikapitisha kidole ubavuni
nikitafuta nambari chini ya masizi.
"Mwili wake uko wapi?"
Akacheka. "Mama, hii si maiti."
"Nataka hati ya mauzo, na ya forodha,
na jina la aliyelivunja gari lake."
Akaacha kucheka. Akaenda kutafuta faili.

Ruhusa kwanza, spana baadaye.
Dirisha la kwanza likanituma la tatu,
la tatu likafungwa kwa sala ya adhuhuri.
Fomu inauliza. Rangi: ileile.
Chesisi: ileile.
Sababu ya kubadilisha: mstari mmoja, mfupi.
Niandike nini pale?
Kwamba mitende aliyoniachia marehemu
iko juu kuliko pensheni yangu?
Kwamba nataka kupanda mlima ule
bila kusoma Ayatul Kursiy mara saba?
Nikaandika: Matumizi.

Koplo Shinuna akasoma, akanitazama,
akasema kwa Kiswahili cha bibi yake,
kimekaa kabatini siku nyingi:
"Bi mkunga, mimi ulinipokea wewe."
Haikunisaidia. Fomu ikarudi:
sahihi yangu imetoka nje ya kisanduku.
Nikaenda zangu nyumbani nimefurahi.
Huyu nilimpokea vizuri.

Wiki mbili gari lililala tumbo wazi.
Wakabadili gia boksi, rejeta,
mikono ya kuishikia injini;
tangi likaoshwa mpaka likaacha kunuka.
Dur Muhammad aliniwekea kiganjani plagi sita
kama meno ya maziwa.
"Hizi hazina kazi tena. Dizeli huwaka kwa kubanwa."
"Hata sisi," nikamwambia, "baadhi yetu."
Hakuelewa. Au alielewa, akainama kutafuta nati.

Ukaguzi wa kwanza tulianguka: moshi.
Mahfudh akapiga simu kunipa pole,
sauti yake imejaa halua.
Tukarudi Jumanne.
Kijana wa ukaguzi akafuta chuma kwa kitambaa kibichi,
akaisoma nambari, tarakimu baada ya tarakimu,
mwenzake akifuatisha kwenye karatasi.
Nilikuwa nimesimama ukutani
pumzi nimeibana, kama zamani,
kabla ya kile kilio cha kwanza.
Tarakimu ya mwisho ilikuwa nne.
"Nne," akajibu mwenzake.

Mulkiya mpya ilikuwa bado ina moto wa mashine.
Mafuta: dizeli.
Niliisoma mara mbili, nikaitia kwenye mkoba
pamoja na zile plagi. Sijui kwa nini ninazo.

Kituo cha mafuta, njia ya Mudhaibi,
kijana akavuta mpira wa petroli kwa mazoea.
Nikamshika mkono.
"Gari hili nalijua, mama. La petroli."
"Ulilijua," nikasema,
nikafungua mkoba.