Daftari la Saa Kumi na Mbili Kasorobo

Muuguzi wa moyo, Bi Zaiga, alinipa daftari
la shule, la mistari, jalada la kijani.
Kila asubuhi, akasema, kabla ya redio,
andika kilichopo.
Kilichopo wapi?
Hapo ulipo.

Hapo nilipo! Mimi
niliyekaa miaka thelathini na minne
katika kibanda cha ishara nje ya Daugavpils,
nikivuta nyenzo za chuma, macho kwenye saa,
mwili kwenye treni hii, roho kwenye ijayo.
Kwangu treni iliyofika ilikuwa imekwisha.
Hata chai niliinywa ya baadaye.

Siku ya kwanza niliandika:
*Theluji. Baridi. Nimeamka.*
Nikapiga mstari chini, kama kwenye kitabu cha zamu,
nikatia sahihi: Arvids.

Siku ya pili: *Vilevile.*

Siku ya tatu kalamu iligoma, wino umeganda.
Nikaiweka kwapani, kama kifaranga,
na katika kungoja huko nikalisikia birika.
Haliimbi. Wanadanganya wasemao birika huimba.
Linanung'unika, kama mtu anayetafuta miwani,
halafu linanyamaza kidogo,
ndipo linachemka.
Tunalo tangu mwaka wa harusi.
Sikujua kwamba hunyamaza.

Basi nikashikwa na uchu wa kuandika.
*Sakitu imechora unyoya kwenye kioo cha chini, si cha juu.
Mkate mweusi: katikati unanukia udongo uliolowa,
pembeni asali iliyoungua.
Goti la kushoto linauma; la kulia linasikiliza.
Kunguru watatu kwenye dohani ya akina Grigorijs,
mmoja kanipa mgongo.*
Yalikuja na mengine: deni la kuni,
mwanangu Ilgvars huko Dublin na simu yake isiyolia.
Hayo nayo niliyaandika,
kama treni za mizigo zisizo na kituo hapa.
Unahesabu mabehewa, unaziacha zipite.
Taa nyekundu siwashi tena.

Bi Zaiga alinipima, akafurahi.
Moyo umetulia, akasema.
Nami nikajiona bwana wa sasa,
nikatembea mjini kifua mbele.

Hadi Februari, Jumapili moja,
niliporudi kurasa nyuma kutafuta
ni lini mto uliganda.
Mto sikuupata. Nilipata hili:

*Skaidrite anashuka ngazi. Mkono ukutani.*

Na baada ya siku nne:
*Skaidrite ngazini. Kapumzika mara moja.*

Na Jumanne yake: *Mara mbili. Asema ni sapatu.*

Mwandiko wangu. Nukta zangu, kila moja mahali pake.
Nilimwona mke wangu kwa macho haya mawili
nikamwandika
jinsi nilivyowaandika kunguru.

Nilikaa na daftari mapajani hadi chai ikapoa.
Sikuandika kwamba imepoa.

Kesho yake, saa kumi na mbili kasorobo,
nilikuwa nimeandika *Ngazi*, neno hilo tu,
ubao wa juu ukalia.
Kalamu niliiacha wazi, ikamwaga doa
ambalo hadi leo limepenya kurasa sita.
Nikaenda nikasimama chini ya ngazi,
nikanyoosha mkono.

Akanitazama
kama abiria aliyekuta treni
imefika kabla ya saa yake
na anashuku si yenyewe.

Una nini wewe?
Niko hapa, nikasema.
Naona, akasema. Umekanyaga sapatu yangu.

Lakini mkono aliushika.
Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyokumbuka,
na moto, na kidole cha pete kimepinda kidogo kuelekea nje
(tangu lini, Skaidrite? tangu lini?)
tukashuka, kipandio, pumzi, kipandio,
bila haraka ya kufika jikoni,
ambako birika lilikuwa limenyamaza.