Nina Jambo

Jumatano, saa saba na robo, Kiwalani.
Wa asubuhi wametoka, wa mchana hawajatimia,
nami nafungua stoo ya madawati mabovu
kwa ufunguo niliousainia kama mkopo.
Watoto watano. Ndivyo nilivyoruhusiwa:
watano, dakika arobaini,
na "msipige kelele, Mwalimu Agripina,
Darasa la Tatu wana jaribio."

Tunakaa chini, miguu tumekunja.
Kufuli la mlango naliweka katikati yetu:
atakayelishika ndiye msemaji,
wengine kazi yao masikio.
Tumsifu akauliza, "Kufuli si la kufungia?"
Nikamwambia, humu ndani limebadilishiwa kazi.

Wiki ya kwanza nililizungusha,
kila mmoja nikamuuliza, hujambo?
Sijambo. Sijambo. Sijambo. Sijambo.
Mrisho hakujibu, alilipitisha kama kaa la moto.
Nikawatazama.
Chausiku ana macho ya mtu aliyelala saa mbili,
Fidelis kiatu kimoja chake, kingine cha kaka yake,
na hakuna mwenye jambo.
Tulifundishwa tangu tunanyonya:
mtu akikujulia hali, hali unaificha kwapani,
unatoa jibu lililopigwa pasi.

Nikachukua chaki,
mgongoni mwa dawati lililopinduka nikaandika
NINA JAMBO.
Someni kwa sauti.
Walicheka hadi Sikudhani akashika mbavu.
Masikioni mwao lilikuwa kama tusi.

Wiki ya tatu Fidelis akasema, "Nina jambo. Nina hasira."
Hasira gani?
"Ya kawaida."
Chausiku akaomba kufuli.
"Hiyo si hasira. Hasira inapiga mlango.
Yako imekaa kooni, haipandi haishuki.
Hilo donge."
Fidelis akajipapasa koo, akafikiri.
"Ee. Donge. La tangu Pasaka."

Toka hapo wakawa wanaokota maneno
kama wanavyookota vizibo vya soda:
kinyongo, soni, fadhaa, ukiwa.
Kijicho kila mtu alikijua,
hakuna aliyekuwa nacho.

Siku ya ugomvi wa rula Tumsifu alifoka, "Wewe mwi..."
Nikainua kidole. Anza na mimi, usianze na wewe.
Akameza mate, akavuta pumzi, akaanza upya:
"Mimi, ulipovunja rula yangu, mimi niliumia,
kwa sababu wewe ni mwizi."
Tukaipokea. Nusu ya safari nayo ni safari.

Kwetu ndege hushukia juu ya mabati.
Sentensi hukatwa katikati, tumezoea:
tunasubiri ipite,
tunaliunga neno pale lilipovunjika.

Wiki ya saba Mrisho hakulipitisha kufuli.
Alikaa nalo.
Ng'ambo ya ukuta mtu ananoa penseli, mtu anakohoa.
Kisha ndege ikaja, ile kubwa, vumbi la dari likatushukia,
na hapo hapo akafungua kinywa.
Akasema. Akasema sana,
midomo inakimbia, mshipa wa shingo umesimama,
na ndege ilipokwisha, naye akawa amekwisha.
Hatukusikia hata silabi.

Nilikuwa nimeshafika kwenye "ru..." ya "rudia"
Sikudhani aliponitazama, akatikisa kichwa kidogo.
Akalipokea kufuli, limelowa jasho,
akalifuta kwa pindo la sketi, taratibu.
"Nimekuona ukisema," akamwambia.
Mrisho akainamia magoti yake.
Mabega yake yalishuka kama mtu aliyetuliwa ndoo.

Halafu lile kufuli likaja kwangu.
"Zamu yako, Mwalimu. Hujambo?"

Miaka kumi na tisa ya chaki,
na ulimi ukakimbilia jibu lake la pasi,
"Sij..."
Nikaishia hapo.
Jozi tano za macho. Chuma kizito kiganjani,
bado kina joto la mikono yao.

Nikategea sikio angani.
Hakuna ndege iliyokuja.