Ritani ya Mwezi wa Saba

Leo tarehe kumi na tisa, Kiboriloni.
Kesho usiku wa manane mfumo unafunga mlango,
na faini haipigi hodi.
Nimevaa miwani yako. Yangu haioni desimali.

Duka tulilifunga siku ishirini na mbili.
Mashine ya risiti ilikaa kaunta, imefunikwa khanga
kama nayo imefiwa.
Panya walitafuna kalenda kuanzia pembeni,
wakafika kwenye ile ishirini uliyoizungushia wino mwekundu,
wakaiacha.
Labda hata wao walikuogopa.

Elisaria wa vitabu amekuja na kompyuta yake
na maandazi ya kunifariji.
"Mama Aikande, mwezi wa saba hamkuuza kitu.
Unajaza sifuri, unatuma, unalala."
Sifuri ya mauzo. Sifuri ya manunuzi.
Fomu haina kisanduku cha kueleza kwa nini.

Nikajaza, sifuri juu ya sifuri,
kama mtu anayepanga mayai kwenye trei.
Kidole kikagoma kwenye kutuma.

Kwa sababu ya saruji.

Mifuko minane ilitoka stoo Jumatano usiku,
shemeji zangu wakaipakia kwenye Kenta,
ikapanda Kidia, kihambani, ikakufunika.
Kodi ya kuinunua tulishaidai kwenye ritani ya Juni.
Sasa stoo inasema mifuko imetoka,
mauzo yanasema hakuna aliyekuja.
Elisaria akacheka, kisha akauona uso wangu.
"Mama, lile ni kaburi. Nani atahesabu kaburi?"

Wewe ungehesabu.
Wewe uliyemfukuza mkandarasi mzima, na lori lake la nondo tupu,
kwa kuuliza bei ya risiti na bei ya bila risiti.
Wewe, penseli sikioni:
shilingi ya serikali usiilaze kitanda kimoja na ya kwako,
zitazaa mtoto asiyefanana na yeyote.
Nilikuchukia, usifikiri sikukuchukia,
Januari ile ya ada, Aikande amekaa nyumbani wiki mbili,
na kwenye kabati, ndani ya bahasha ya kaki,
pesa ambazo hazikuwa zetu
zimelala zikituangalia.

Nikaivua mashine khanga yake.
Saruji, minane, elfu kumi na saba na mia saba kwa mfuko.
Jumla, laki moja na arobaini na moja na mia sita.
Humo ndani, kumi na nane kwa mia:
elfu ishirini na moja na mia sita.
Jina la mnunuzi?
Nikaandika lako, herufi kwa herufi,
ELIAPENDA, nikakosea P, nikafuta, nikarudia.
Nikazitoa pesa mfukoni mwangu, nikaziweka kwenye droo,
nikajirudishia chenji.

Mashine ikalia, ikatoa ulimi.
Tarehe iliyoandika ni ya leo.
Haijui kurudi nyuma. Mimi pia.

Basi mwezi wa saba umekwenda na sifuri zake,
nimeutuma, umepokelewa, namba ya uthibitisho ninayo.
Mwezi wa nane ndio unaoanza na wewe:
mteja wa kwanza tangu tufungue,
umelipa taslimu, hukuomba punguzo.
Na chini kabisa, kama inavyomwambia kila mtu,
AHSANTE, KARIBU TENA.

Elisaria alikuwa anaangalia maandazi.

Risiti hizi hufutika, ulizoea kusema.
Zikiona joto zinasahau kila kitu.
Toa kivuli kabla hazijawa karatasi tupu.

Nimevuka barabara mpaka kwa binti wa steshenari,
anafunga, mashine yake bado ina moto.
"Nitolee kivuli."
"Vingapi, mama?"
"Viwili," nikasema.
"Kimoja ni cha faili."